Betri Iliyobaki Mezani

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Noreen Fitch alifungua banda la mafundi wastaafu katika mji wa Ulverstone, akakuta kikokotoo cha Merv hakipo. Kilibaki kitambaa kilichokifunika na, kando yake, betri.

Kilikuwa kikokotoo cha kuchora grafu. Mzee Merv Tolland alikijenga majira yote ya baridi, kwa mchoro ambao watu wa banda waliuweka wazi mtandaoni, anayetaka ajenge. Saa nne wageni wangekuja kukiona. Mikono ya Merv ilikuwa imeanza kutetemeka, na kila mtu alijua hatajenga kingine.

Noreen akaketi. Alikuwa amechoka, magoti na moyo. Mlango haukuvunjwa, na ufunguo walikuwa nao watu watatu: yeye, Trudi na Des.

Wa kwanza kufika alikuwa Trudi Vasik, aliyeandika programu ya kikokotoo, na ambaye hajawahi kushika chuma cha kulehemu bila kuunguza meza.

"Umekichukua wewe?" Noreen akamuuliza.

"Nikichukue cha nini, Mama Noreen? Mchoro ni wa wote. Nikikitaka, Des ataniundia."

"Juzi ulisema kinachora kama kuku anayeparura."

"Nilimwambia Merv usoni. Mwizi hasemi usoni."

Akaenda kuchemsha chai bila kuombwa.

Noreen aliitazama betri. Mwenye kutaka kuuza angeondoka nayo. Lakini kanuni ya banda ilisema betri itoke kabla ya kulehemu. Basi aliyekichukua alitaka kukitengeneza.

Mlango ukafunguliwa. Des Quigley aliingia akimshika Merv mkono, kama alivyomleta kila Jumamosi. Mfuko wa koti lake ulikuwa umetuna.

"Des," Noreen akasema kwa upole, "kitoe."

Des akakitoa. "Umejuaje?"

"Umeacha betri."

"Mazoea," akasema Des, akiinamisha kichwa. "Nyaya tatu hazikushika vizuri, kioo kilikuwa kinazimika. Nilitaka kuzilehemu nyumbani, nikirudishe kabla hujafungua."

Merv akakipokea, akakigeuza nyuma. "Kwa hiyo wageni wangesifu kazi yako wakidhani ni yangu."

"Sikutaka uaibike, mzee mwenzangu."

"Mimi natetemeka, Des. Sidanganyi."

"Hapa anayegusa kazi ya mwenzake huandika jina," Noreen akasema. "Kusaidia hakujakatazwa. Kuficha ndiko kulikokatazwa."

"Umemaliza?" Merv akauliza.

"Umebaki waya mmoja. Macho yalinishinda."

"Basi washa chuma. Macho yako mabovu, mikono yangu mibovu, tutapata fundi mmoja."

Merv akashika chuma, Des akamshika kifundo cha mkono. Lehemu ikayeyuka, ikatulia. Trudi akarudisha betri, akabonyeza. Mstari ukapanda kiooni, ukapinda, ukashuka bila kukatika.

Merv akampa Des msumari. "Chora lako nyuma ya kifuniko, chini ya jina langu. Na uandike lisomeke, usiandike kama daktari."

Noreen akanywa chai yake, akaenda kuwafungulia wageni.