Bangili Isiyo na Mwanya

Mashine ililia ikiwa haina betri.

Selpha alikuwa ameketi nje ya chumba chao pale Nyalenda, akisugua jembe kuukuu kwa jivu na ndimu, tumbo la mwezi wa mwisho likimzuia kuinama vizuri. Akasikia mlio mwembamba ukitoka ukutani, mashine ilikotundikwa. Betri zake zilikuwa juani juu ya kipande cha bati, zikipashwa moto ili ziishi siku moja zaidi.

"Oketch, chombo chako kinalia."

"Nyar Seme, ni njaa inayokulilia masikioni," mumewe alimtania, akimwita binti wa Seme kama kawaida yake. "Kula, halafu unisaidie kulitambua hilo jembe."

Gordon Oketch alikuwa amefanya kazi kwa mhandisi Mzungu aliyetafuta mabomba yaliyofukiwa kwa mashine hiyo ya kunusa chuma. Mzungu aliporudi kwao, alimwachia. Mvua kubwa za kabla ya Uhuru zilikuwa zimefanya ziwa limeze vijiji vizima, maboma na makaburi. Sasa maji yalikuwa yakirudi nyuma, na tope likitapika lilichokula. Oketch alitembea huko na mashine yake, Selpha akasafisha, na wakubwa wa Milimani wakanunua vitu vya kutundika sebuleni. Lakini hawakununua chuma kitupu. Walitaka waambiwe: huu ni mkuki wa vita fulani, hili ni jembe la Samia lililotolewa mahari. Kitu kisichojulikana hakikuwa na mnunuzi.

Siku hiyo Oketch alileta bangili nene ya chuma. Haikuwa na mwanya wala kiungo. Ilikuwa nyembamba kiasi kwamba kiganja cha mtu mzima kisingepita, na msumari ulikuwa umepigiliwa katikati ya unene wake.

"Aliyeivaa aliivaaje?" Selpha aliuliza.

"Hapo ndipo bei ilipo. Ngoja nione kama ndani ni shaba."

Akachukua tupa, akakereza mpaka msumari ukaanguka. Harufu ikapanda, ya tope la chini kabisa pamoja na damu mbichi. Kuku wa jirani wakanyamaza. Ndani ya Selpha mtoto alijikunja akawa mgumu kama jiwe, na kabla jua halijazama uchungu ulikuwa umemshika.

Alizaliwa msichana mzima wa afya, akalia. Hakuacha. Alilia mchana na usiku, akikataa titi, na sauti yake haikukauka.

Selpha alikuwa mtu wa kanisa, akaanza kwa maombi. Mungu alinyamaza, mtoto hakunyamaza. Basi wakafuata desturi. Kwa watu wa ziwa, mtoto mchanga akilia hivyo, kuna mfu wa ukoo anayetaka jina lake lirudi duniani. Huitwa majina ya marehemu, moja baada ya jingine, na lile linalomtuliza mtoto ndilo lake. Waliita ya upande wa baba. Wakaita ya upande wa mama. Selpha akaita hata ya watoto wake wawili aliowazika. Mtoto alilia tu.

"Labda pini imemchoma kwenye nguo," Oketch alisema. Akatia betri, akapitisha mashine juu ya mtoto. Ilikuwa kimya kichwani, kimya tumboni, lakini kwenye kifundo cha mkono wa kushoto ilipiga mayowe. Mkono ulikuwa mtupu.

Oketch alikimbia kumwita Mzee Wabwire, mfua chuma wa Kisamia, ambaye mara nyingi alimsaidia kutambua vitu vya kale. Mzee aliiona bangili akaficha mikono yake nyuma.

"Nani amekereza hii?"

"Mimi, Mzee. Nilitaka kujua ni pambo la nani."

"Pambo? Mjinga wewe! Hii ni pingu. Babu zangu waliletwa huku kuifua. Kulikuwa na mwanamke aliyekufa akakataa kuondoka, akawa anaingia katika watoto na kuwafungulia njia wafu wenzake. Wakamfukua, wakamfungia chuma kikiwa cha moto."

Kisha akawavuta wote wawili nje juani, mbali na kilio, akasema kwa sauti ya chini, "Jina lake Abuto. Nalitaja ili mlijue, maana najua wapo kina Abuto wa kale katika ukoo wenu ambao bado hamjawafikia. Mkiita majina, hilo lirukeni. Mkimpa jina, mmempa nyumba. Mkivumilia, atachoka aende zake. Mimi naenda kuleta nyundo na mkaa."

"Na mtoto atavumilia?" Selpha aliuliza.

Mzee alikuwa ameshageuka kwenda.

Oketch alimfuata kubeba mifuo ya kupulizia moto. Selpha akarudi ndani, akabaki peke yake katika joto la adhuhuri, na mtoto mikononi alikuwa amebadilika rangi, midomo imekuwa ya majivu, kilio kikikatika na kurudi, kikikatika na kuchelewa kurudi, na katika kila kimya kile kifupi Selpha alisikia tena udongo ukianguka juu ya sanduku la kwanza, kisha la pili, na harufu ya tope ikamjaa kooni, na akajua kwamba kimya kijacho ndicho cha mwisho, naye hakuwa na jina jingine lililobaki duniani ila moja.

"Abuto," alinong'ona. "Abuto, nyathina, mwanangu, nyamaza."

Mtoto akanyamaza. Akafumbua macho, akalitafuta titi, akanyonya kwa nguvu za mtu mzima.

Wanaume waliporudi, Wabwire alisimama mlangoni, akausikia ule ukimya, akaweka nyundo chini.

"Umemwita."

"Alikuwa anakufa, Mzee."

"Mfunge tena," Oketch alisihi. "Moto tunao."

"Pingu hii haifungwi kwenye mkono ulio hai, Bwana. Hufungwa kwenye uliopoa."

Oketch alichelewa kuelewa. Alipoelewa, alimtazama mtoto, kisha akaitazama nyundo, akaitazama muda mrefu kuliko baba anavyopaswa.

Selpha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Maziwa yaliyomchuruzika kifuani yalikuwa na rangi ya kutu.

"Yule wa kwanza nilimwachia Mungu," alisema. "Wa pili nikamwachia Mungu. Huyu simwachii mtu. Awe wa nani, atanyonya kwangu. Tokeni."

Walitoka, Oketch wa mwisho, naye hakufunga mlango.

Ndipo nyumba ya pili mtoto mchanga akaanza kulia. Akajibiwa na mwingine ng'ambo ya bomba la maji, na mwingine huko juu karibu na barabara, mpaka Nyalenda nzima ikawa kilio kimoja, na chini ya kilio hicho Selpha akasikia sauti za akina mama, za upole, zikianza kuita wafu wao kwa majina.

Mtoto akaachia titi. Akainua kichwa, ambacho shingo yake haikupaswa bado kukibeba, akatega sikio kama mgeni aliyetangulia, anayengoja wenzake wafunguliwe mlango.