Kichocheo cha Safia

Soko la Kasuku lilikuwa limefurika, pikipiki zikipigiana honi, na Djamali alikuwa dukani kwake akipanga nyaya za umeme alipomwona dada mmoja wa kitenge cha manjano akikwaruza waya kwa ukucha.

"Weye dada, unanibomolea mali!"

"Nataka kujua kama iko shaba mupaka ndani, ao wamepaka rangi tu."

Djamali akachukua koleo kwa hasira, akaukata waya mbele yake. Ndani kukang'aa shaba nyekundu. Yule dada akacheka, na hasira zikamwishia Djamali pale pale.

"Unaenda kuweka courant wapi?"

"Siweki courant. Niko naozesha."

"Unaozesha nani?"

"Molekuli!"

Jina lake lilikuwa Safia, mkemia wa Kisangani aliyekuja Kindu kufundisha kwa muda. Alijikalia juu ya katoni, akaeleza: kuna molekuli mbili ambazo zikiungana hutoa dawa, lakini hupishana tu bila kujuana. Shaba huzishika, huzikutanisha, kisha huziachia na kubaki shaba ile ile. Kazi ya Safia ilikuwa kuibunia shaba mikono, yaani molekuli nyingine za kuikumbatia, ili izipokee zile mbili tu na kuzifukuza zote zisizotakiwa.

"Na mikono ikikuwa minene sana?"

"Inafunga mulango. Hakuna anayeingia."

"Na miembamba?"

"Kila muntu anaingia! Weye unauliza kushinda wanafunzi wangu."

Kesho yake alirudi kununua waya asiouhitaji. Zikafuata simu za kila jioni, "roho yangu, umekula?", na maswali ya Djamali yasiyokwisha, ambayo yalimfanya Safia aifikirie upya ile mikono.

Siku alipoionyesha kazi yake mbele ya watu, Safia alitafuta neno la Kiswahili la catalyseur, yaani kitu chenye kazi kama ya ile shaba. "Tuseme kichocheo," alisema, akamnyooshea Djamali kidole. "Na kichocheo changu njo yule pale!"

Ukumbi ukacheka. Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Djamali muchochezi!"

Djamali aliinuka, akatoka. Enzi za vita, alipokuwa mtoto, askari walimchukua baba yake mezani wakimwita neno hilo hilo, na hakurudi tena. Safia hakuyajua hayo. Aliona tu shati jeupe likipotea mlangoni.

Djamali hakupokea simu zake. Alijua ndege ya kumrudisha Safia Kisangani imekaribia, na moyo ulimuuma, lakini hakupokea. Asubuhi ya safari simu ikalia tena, na mara hii uvumilivu ukamshinda, akapokea.

"Nilienda kwenu, mama yako ameniambia mambo ya baba yako," Safia alisema. "Unisamehe, roho yangu. Lile neno nimelitupa. Lakini sasa shaba yangu haina jina. Weye ungeiita nini?"

Djamali alikusudia kununa. Swali likamwingia.

"Inakutanisha wawili, halafu inarudia kwake vile ilikuja?"

"Njo vile."

"Basi iko mushenga."

"Mushenga! Juu ya nini sikufikiri? Na weye njo mushenga wangu..."

"Hapana, Safia. Mushenga anarudia kwake peke yake. Miye ninakupenda. Sitaki kurudia peke yangu."

Djamali alisikia honi ndani ya simu, na honi ile ile nje ya duka. Akainua macho. Kitenge cha manjano kilikuwa mlangoni, na nje sanduku lake la safari lingali limefungwa kwenye pikipiki iliyomleta.

"Basi tuma mwingine kwetu," Safia alisema, simu ingali sikioni. "Lakini asikuwe wa shaba. Baba yangu anapenda mushenga mwenye kujua kusema."