Maji Ambayo Juliet Hakuyanywa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana Alungat na rafiki yake Juliet walichota maji kwenye pampu ya kijiji chao huko Merikit. Foleni ilipokawia kusonga walipiga soga na kutazama upande wa kusini, mahali Mwamba wa Tororo ulipojitokeza peke yake juu ya tambarare. Jua changa lilipoupiga, jiwe lake lilionekana jekundu. Wote wawili walikuwa wamekua wakiuona, lakini hakuna aliyewahi kuupanda.

Basi chama cha mazingira cha shule yao kilipotangaza safari ya siku moja ya kuupanda mwamba huo, Alungat karibu aruke kwa furaha. Madam Benedeta, mlezi wa chama, alimchagua awe mpangaji wa safari, na hakukosea. Alungat alikuwa mtu wa mipango. Hata soksi zake alizipangia siku ya kufuliwa, na ole wako uzifue siku nyingine.

Aliuliza watu waliowahi kupanda, akapata picha kamili. Wangeanza mapema, jua likiwa bado pole, kwa sababu mwezi wa pili jua la huku huchoma mpaka nyasi zinageuka makuti. Kila mtu avae kofia na viatu vinavyoshika vizuri, si ndala. Chakula kiwe viazi vitamu vya kuchemsha na karanga. Maji, chupa kubwa mbili kwa kila mtu, kwa kuwa kule juu ni jiwe tupu, hakuna kivuli wala kisima.

"Umefanya kazi," Madam Benedeta alimwambia. "Lakini mimi sipeleki watu mwambani kabla sijawaona barabarani. Jumamosi tufanye jaribio."

Jumamosi hiyo walitembea kwenye barabara ya marram isiyo na lami, vumbi jekundu likiwapanda mpaka magotini. Wavulana walitangulia wakiimba. Okochi, msaidizi wa Alungat, alikuwa amekunywa chupa yake ya kwanza kabla hawajapita kituo cha maduka. Alipobanwa na haja ndogo aliingia nyuma ya ukuta, akatoka, akaendelea kuimba.

Wakati wa kurudi, Juliet alianza kuyumba. Alisema kichwa kinamgonga, kisha akaketi chini katikati ya barabara. Madam Benedeta alimshika, wakamwingiza kwenye kibaraza cha duka lililokuwa karibu, wakamlaza kivulini. Midomo yake ilikuwa imekauka kabisa. Alungat alitoa chupa kutoka kwenye mkoba wa Juliet ili ampe maji. Chupa zote mbili zilikuwa zimejaa hadi shingoni.

"Eh!" Okochi alishangaa. "Maji unayo, na unakufa kwa kiu! Ulikuwa unambebea nani?"

Wavulana waliangua kicheko. Juliet alifumba macho.

"Nilisahau tu," alisema.

Madam Benedeta hakucheka. Alimnywesha kidogo kidogo mpaka alipopata nguvu ya kusimama. Kisha aliwageukia wote.

"Mtu akianguka barabarani tunamwinua. Je, akianguka kwenye zile ngazi za chuma za kupandia mwambani? Siwezi kucheza na watoto wa watu. Jumatatu mnieleze kasoro iko wapi. Tusipoipata, safari hakuna."

Jumatatu alfajiri kwenye pampu, Alungat hakungoja hata ndoo ijae.

"Juliet, niambie ukweli. Mtu hasahau kunywa maji juani."

"Kwani wewe ulikunywa?" Juliet aliuliza.

Alungat aliiangalia ndoo yake. Yeye mpangaji, aliyewahimiza wenzake wabebe chupa mbili, alikuwa amelowesha ulimi tu.

"Umeona?" Juliet alisema kwa sauti ya chini. "Tungekunywa, tungejisaidia wapi? Mashamba yote yamevunwa, hata kichaka hakuna, na Okochi na wenzake wako pale pale. Sasa fikiria huko mwambani. Lakini tafadhali usiseme ni mimi. Watanicheka mpaka nimalize shule."

Alungat alikwenda shule roho ikiwa nzito. Aliitaka sana safari hiyo. Lakini siri haikuwa yake, na aibu yenyewe ilimshika hata yeye.

Katika mkutano wa chama, Okochi alikuwa wa kwanza kusimama. Alikuwa kijana mwema, ila mdomo wake ulitangulia akili.

"Madam, mpango hauna kasoro. Kasoro ni Juliet. Yeye abaki nyumbani, sisi twende."

Juliet aliinamia dawati. Alungat alimwona akikaza macho asilie, na hasira ikashinda aibu. Alisimama.

"Kasoro ni ya mpango wangu," alisema. "Mimi pia sikunywa maji siku ile. Niliogopa kubanwa njiani, kwa sababu hapakuwa na mahali pa msichana kujisaidia. Nilipanga viatu, kofia, chakula na maji. Choo sikukipanga, kwa sababu niliona aibu kukitaja."

Mvulana mmoja nyuma alianza kucheka, lakini alipotazama mbele alikatiza. Madam Benedeta alikuwa ameinua mkono wake mwenyewe.

"Nani mwingine hakunywa?" aliuliza. "Mimi sikunywa. Mwalimu wenu mzima nilitembea koo limekauka, kwa sababu hiyo hiyo, nami nikaona aibu kuitaja."

Mkono wa Juliet uliinuka polepole. Halafu mikono ya wasichana wengine wote. Okochi aliitazama, akajikuna kichwa.

"Pole, Juliet," alisema. "Mimi nilifikiria maji ni kunywa tu, basi."

Kazi ikaanza upya, na mara hii kila mtu alitoa wazo lake. Wangeomba ruhusa ya kutumia vyoo vya kanisa dogo lililo chini ya mwamba, kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Wavulana wangetangulia mpaka mahali pa mapumziko na kungoja huko. Wasichana wangebaki nyuma na Madam, ambaye angebeba leso mbili kubwa za kujifunga kiunoni, awakinge nazo penye miti, kabla ya kufika kwenye jiwe tupu. Okochi ndiye aliyetumwa kanisani kuomba ruhusa, na alirudi nayo akitabasamu.

Siku ya safari walipanda taratibu. Kila walipopumzika, Alungat aliwakumbusha kunywa, na walikunywa kweli. Kwenye ngazi za chuma Juliet alipanda akishika kwa mikono miwili, Madam akiwa nyuma yake. Walifika juu wote, hakuna aliyebaki. Upepo ulitaka kuwavua kofia. Waliona mashamba ya Merikit upande mmoja, na upande wa pili malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani Malaba. Juliet alikaa juu ya jiwe akacheka peke yake kwa raha.

Madam Benedeta aliwakusanya.

"Watoto wangu, mwili una haja zake, na haja hizo si kosa la mtu," alisema. "Usiache kunywa maji kwa ajili ya aibu, utaumia. Na ukipewa kazi ya kuwapangia watu, waulize wote wanahitaji nini, hasa wale walionyamaza. Alungat alisema jambo gumu, na ndiyo sababu leo tuko hapa sote."

Walikula viazi vyao, wakafunga mikoba. Walipokuwa wakijipanga kushuka, Juliet aliinua mkono mbele ya chama kizima.

"Madam, tukifika chini naomba tuanzie kanisani. Nimekunywa chupa zote mbili."

Hakuna aliyemcheka. Okochi alisogea pembeni, akampisha apite mbele.