Gari la Kusukuma

Ndugu zangu, sogeeni niwaeleze yaliyoipata nyumba ya kinyozi wa mtaani kwetu, na mwenye gari atege masikio yote mawili.

Ilikuwa nyumba yenye amani, juu ya mteremko. Kila asubuhi kinyozi aliketi kwenye usukani, mkewe akashika gari kwa nyuma, binti yao akashika ubavuni, wakasukuma. Likipata kasi kinyozi aliachia klachi, injini ikakohoa na kuwaka. Mkewe aliingia akihema na kucheka.

"Baba, mwaka huu nitapata misuli kama ya mbeba mizigo."

Kinyozi alicheka naye, maana alimpenda, hilo msilitilie shaka. Lakini mke yule alikuwa na pumu.

Kaka wa mke alikuwa fundi magari. Siku moja alikuja kuwasalimu, akafungua boneti, akamwonyesha kinyozi ukoko mweupe ulioota kwenye vichwa vya betri.

"Betri yako nzima, shemeji. Umeme ndio haupiti. Fungua waya, sugua hapa kwa brashi na maji ya moto, futa pakauke, kaza nati. Nusu saa haiishi. Niletee brashi."

"Utachafua nguo zako bure. Nitafanya mwenyewe Jumamosi."

"Jumamosi gani? Ngojangoja huumiza matumbo."

Kinyozi aliahidi. Na huyu ndiye mtu ambaye kila jioni alisafisha mashine zake za kunyolea kwa brashi na kuzitia mafuta tone kwa tone. Lakini gari lilikuwa linawaka, hata kama ni kwa pumzi ya mkewe, kwa hiyo hakuona ubaya. Jumamosi nyingi zikapita.

Wiki moja walikuja watu wa maji, wakachimba mtaro katikati ya mteremko. Kinyozi akaliacha gari chini, kwenye tambarare. Siku hiyo mchana binti alikuja mbio kibandani.

"Baba, mama hapumui vizuri. Dawa yake ya kuvuta amevuta mara nyingi, haimsaidii."

Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu, akakimbia nyumbani. Alimshusha mkewe mteremkoni kwa kumkokota hadi kwenye gari, akamkalisha kiti cha mbele, akazungusha ufunguo. Gari likalia tak, likanyamaza. Akazungusha tena. Tak.

"Mama, sukuma kidogo," ulimi wake ukasema kabla ya akili.

Na mkewe, ambaye hata neno moja lilikuwa linamshinda kutamka, akafungua mlango akashusha mguu.

Kinyozi alipouona ule mguu chini, moyo ulimpasuka. Alimrudisha ndani, akasukuma peke yake akiwa ameshika usukani dirishani. Binti alisukuma, bibi wawili majirani wakasukuma, wengine wote walikuwa makazini. Tambarare haina huruma. Gari lilisogea hatua kumi, likagoma. Binti alikimbia hadi barabara kubwa kusimamisha magari, hakuna lililosimama, akarudi kumshika mama yake. Ndipo kinyozi akampigia simu shemeji yake.

Fundi alikuja kwa miguu, mbio, spana mkononi. Hakusalimu. Alifungua waya, akakwangua ule ukoko kwa kisu, akakaza nati.

"Washa."

Likawaka mara moja. Sauti ile nzuri ya injini ndiyo iliyomliza kinyozi, kwa sababu kichwa cha mkewe kilikuwa kimeshalala begani mwa binti. Hospitali waliambiwa kwa upole kwamba wamechelewa.

Fundi hakumlaumu shemeji yake. Alikaa kwenye ngazi za hospitali, akawa anarudia neno moja: "Ningezichafua tu zile nguo."

FUNZO

Jamani, gari linalogoma kuwaka linakwambia jambo. Kabla ya kuita watu wasukume, zima kila kitu, fungua boneti, tazama vichwa vya betri. Ukiona ukoko au waya uliolegea, fungua kwanza upande wa hasi, wenye alama ya kutoa, safisha, kausha, kaza. Ikikushinda, mpe fundi siku hiyohiyo. Na zaidi ya gari: ubovu wowote uliouzoea nyumbani kuna mtu anaubeba kwa ajili yako, na huenda anacheka ili usijisikie vibaya. Mtue mzigo huo angali anapumua.