Siku Saba za Kumwagilia Sakafu

Kila asubuhi kabla ya shule, Theodora alifagia uwanja, akawakatia ng'ombe majani, kisha akachota maji kwenye mfereji ulio juu ya kihamba chao, shamba la migomba la ukoo, kule Kibosho. Novemba ile aliongezewa kazi. Nyumba yao mpya ilikuwa imemwagwa sakafu ya simenti, na fundi Sirili aliifunika kwa majani makavu ya migomba.

"Theodora, ndoo nne asubuhi, nne jioni, siku saba," fundi alimwambia. "Simenti ikikauka haraka inapasuka. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba Scola."

Kusikia alisikia. Siku mbili alimwagilia vizuri. Siku ya tatu wenzake wa darasa la sita walikuwa wanacheza rede, na njia ya mfereji ni mlima mtupu. Basi akalowesha majani ya mlangoni tu, ili anayechungulia aone maji. Akafanya hivyo hadi siku ya saba. Mama akiuliza, jibu lilikuwa tayari: "Nimemwagilia." Uvivu kwa mtoto si jambo la ajabu, lakini ujanja ule wa mlangoni ulikuwa uongo wa kupanga.

Majani yalipoondolewa, nyufa zilikuwa zimetambaa kutoka ukuta hadi ukuta. Ukisugua sakafu kwa mguu, inatoa vumbi. Baba yake, Mathayo, alipandwa na hasira. Krismasi ilikuwa karibu, na ndugu wote wangepanda kutoka mijini kuja kuiona nyumba.

"Sirili ameniibia simenti!" alifoka. "Amemwaga mchanga mtupu!"

Theodora alikuwa amesimama pale pale na ufagio wake. Aliinama akaanza kufagia vumbi lile.

Jumamosi, baada ya sala ya jumuiya, Mathayo alisimama mbele ya majirani akarudia maneno yale yale. Fundi Sirili alikuwapo.

"Mathayo, kila mfuko ulifunguliwa mbele yako," alisema kwa upole.

Hakuna aliyemtetea. Alichukua kofia yake akaondoka.

Jumatatu, Scola, binti wa fundi, hakukaa dawati moja na Theodora kama siku zote.

"Baba yako amemwita baba yangu mwizi," alisema. "Katekista alikuwa ampe baba nyumba yake ajenge. Sasa amemwita fundi mwingine, wa kule Majengo."

Jioni ile aliacha chakula, akatoka nje. Theodora alimfuata baba yake zizini.

"Baba, fundi hakuiba. Sikumwagilia. Nililowesha mlangoni tu."

Mathayo aliweka chini ndoo ya maziwa. "Nilipomwita mwizi, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, baba."

"Ukanyamaza!" Akajishika kichwa. "Na mimi nikaropoka bila kuuliza."

Kesho yake Mathayo alikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba. Mchagga akiletewa jani hilo na mtu aliyemkosea, hana budi kusamehe. Walikwenda nalo wote wawili hadi kwa Sirili, Theodora akaeleza kila kitu huku analia. Fundi alilipokea jani kwa mikono miwili.

Jumamosi Mathayo alikiri kosa mbele ya jumuiya ile ile. Katekista aliinamisha macho, kwani fundi wa Majengo alikuwa ameshamchimbia msingi.

Sirili alirudi, akavunja sakafu, akamwaga upya. Safari hii Theodora alimwagilia siku zote saba, na sakafu ikatoka safi, haina ufa hata mmoja. Mama akaandaa ndizi na chai, lakini fundi alishukuru akasema ameshiba.

"Baba Scola, si umetusamehe?" Theodora aliuliza.

"Nimesamehe, mwanangu. Nililipokea jani kwa moyo wote. Lakini kazi ya katekista haikurudi, na wapo watu huku bado wananitazama kama mwizi. Ungesema siku ile baba yako alipofoka, tungevunja sakafu tu. Ukikosea, sema upesi, kabla mtu mwingine hajaubeba mzigo wako. Akishaubeba, hata ukimwomba radhi, mabega yake yameshaumia."

Akakusanya vifaa vyake, akamuaga Mathayo kwa heshima, akashika njia ya kwake.