Kuku Aliyepitia kwa Noordin

Siku Muthama alipokufa, ufunguo wa chumba cha nje ulibaki kwenye msumari. Aliutundika asubuhi, akaenda kazini kutengeneza mabomba ya maji. Saa sita watu wakaja kumwambia mkewe, Ndinda, kwamba moyo wa mumewe umesimama.

Chumba hicho kilikuwa cha wageni. Muthama alikijenga mwenyewe hapa Iftin, mjini Garissa. Yeye na mkewe walikuwa Wakamba kutoka Kitui, Wakristo. Lakini humo walilala watu wa kila namna: Mborana aliyeibiwa mizigo, mwalimu mpya kutoka Meru, mama wa Kisomali aliyekuja kumwuguza mwanawe. Alipoulizwa kwa nini, Muthama alijibu, "Mtoto Yesu naye alikimbizwa, akalelewa ugenini Misri. Yule aliyempa mama yake maji hakuuliza kabila."

Miezi minane ikapita. Ndinda aliupangusa ufunguo vumbi, lakini hakuutoa msumarini.

Kisha Jumapili moja katekista akatangaza kanisani. Kuna mume na mke Waislamu kutoka Lafey, kule mpakani. Ukame umemaliza mbuzi wao wote. Mke ni mjamzito, miguu imevimba, na daktari amesema akae karibu na hospitali mpaka ajifungue. Hawana ndugu Garissa.

Ndinda alijikuta amesimama. "Chumba ninacho," akasema.

Alirudi nyumbani nusu akikimbia. Alitoa ufunguo, akafagia, akatandika mkeka mpya. Akamkamata jogoo, akamchinja mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, aliimba jikoni.

Wageni walifika saa nane. Mume aliitwa Hared, mke Idman. Ndinda alimnyooshea Hared mkono. Hared akarudi nyuma hatua moja, akaweka kiganja kifuani.

"Salaam, mama."

Mkono wa Ndinda ukabaki hewani. Hata hivyo alitabasamu, akaleta wali uliopikwa kwa mchuzi wa kuku, na nyama juu yake. Wageni wakanywa maji tu.

"Mbona hamli?"

"Tumbo imejaa, mama," Hared alisema.

"Imejaa tangu Lafey?"

"Imejaa."

Lakini Ndinda alipoiondoa sinia, macho ya Idman yaliifuata mpaka mlangoni.

Baada ya muda Hared alianza kufunga mzigo wao tena. "Mama, tunashukuru sana. Kesho tunapanda lori. Tunaenda Griftu kwa mjomba."

"Griftu, na miguu hiyo? Si daktari amekataa?"

Hared alitazama chini. "Mtu hakai nyumbani kwa mtu na anakataa chakula yake. Hiyo ni aibu."

Ndinda aliifahamu njia ya Griftu. Ilikuwa ndefu, yenye mashimo. Mtoto angeweza kuzaliwa ndani ya lori, bila mkunga. Alitoka mbio hadi kwenye ua wa miba unaomtenga na jirani yake, Abshiro.

"Abshiro! Abaayo, dada yangu, uko?"

"Niko. Mbona unaita kama nyumba inaungua?"

"Wageni wangu wananikataa. Mume hataki mkono wangu. Mke hali kuku wangu."

"Kuku amechinjwa na nani?"

"Na mimi."

Abshiro alijishika kichwa, kisha akacheka. "Wewe Mkamba, jogoo wa watu amekufa bure. Sikiza. Sisi tunakula nyama iliyochinjwa na Mwislamu, kwa jina la Mungu. Na mwanaume wetu hamshiki mkono mwanamke asiye wa familia yake. Anaweka mkono kifuani. Hiyo ni heshima, si dharau."

"Kwa nini wasiniambie?"

"Mgeni atasemaje? Mwenye nyumba ndiye anauliza. Muthama alikuwa anauliza."

"Muthama?"

"Kwani hakukwambia? Akipata mgeni, au Krismasi ikifika, kuku alipita hapa juu ya ua. Mume wangu Noordin anachinja, mimi nanyonyoa."

"Alikuwa akileta kuku amenyonyolewa," Ndinda alisema. "Nilidhani ananunua sokoni."

"Muthama anunue, na kuku wake wanatembea uani? Huyo alikuwa mchoyo wa shilingi, si wa chumba. Alituambia mgeni haji kwa kalenda, heri nyama ya sikukuu iliwe na yeyote."

Ndinda alicheka na machozi yakamtoka pamoja.

"Nina mtetea mmoja," akasema.

"Mlete upesi. Sufuria yako umewahi kupikia nguruwe?"

"Hata harufu yake siijui."

"Basi isugue vizuri, itoke mafuta ya yule jogoo."

Mtetea akavuka ua. Noordin akachinja. Kabla ya jua kutua, Ndinda alisimama mbele ya wageni na sinia ya pili, Abshiro akiwa kando yake. Aliweka sinia chini, kisha akaweka kiganja kifuani.

"Nimekosea, sikuuliza," alisema. "Kuku huyu amechinjwa na Noordin, jirani yangu. Sasa nauliza. Mnahitaji nini kingine?"

Abshiro akamweleza Idman kwa Kisomali. Idman akajibu polepole, na Abshiro akageuka. "Anataka birika ya maji ya kunawa. Na mahali safi pa kuswali."

Ndinda alileta birika na mkeka. Abshiro akawaonyesha kaskazini, upande wa Makka. Kisha wakala. Idman aliacha mifupa mitupu.

"Sasa tumbo imejaa kweli," Hared alisema, akaufungua mzigo.

Usiku huo Ndinda alisali kwa maneno machache. "Bwana, umeingia kwangu na miguu imevimba, na nusura nikufukuze kwa kuku."

Wiki tatu baadaye Idman alijifungua hospitalini, salama. Mtoto ni msichana, anaitwa Saado. Jumuiya ya kanisa ilipokutana kusali uani kwa Ndinda, Hared alipanga viti na Idman akapika chai ya maziwa ya ngamia. Halafu wakaenda kuswali swala yao. Hakuna aliyemwambia mwenzake abadili dini.

Sasa ufunguo wa chumba cha nje anao Idman. Na Ndinda akitaka kupika kuku, humpitisha kwanza juu ya ua.