Aliyekubali Kwenda Roma

Bibi aliyekuwa ameketi kwenye ngazi alijibu, "Haya. Lini?" Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa Spès hakujua.

Alikuwa akipanda kwenda chumbani kwake, ghorofa ya tatu, katika jengo moja kuukuu la mtaa wa Point, Durban, jirani na bandari. Mgongoni alimbeba mwanawe Anaïs, mkononi mfuko wa viazi, na furaha aliyokuwa nayo angeweza kuisimulia hata kwa paka. Dada yake Gloriose alikuwa amepiga simu kutoka Norway: ruhusa kazini ameipata, wakutane Roma mwezi wa kumi, siku nne tu, waitembelee. Vita vya Burundi viliwatenganisha wakiwa wasichana, wala hawakuonana tena. Utotoni, ukutani kwa mama yao kulikuwa na kalenda ya parokia yenye picha za Roma, nao walikuwa wakigombana kila siku nani atakuwa wa kwanza kuiona ile chemchemi yenye farasi wa mawe.

"Shikamoo, bibi," Spès alisema. "Sisi tunaenda Roma. Twende wote!"

Jibu la maneno hayo kila mtu analijua. Anayekula humwambia anayepita karibu tule, naye hujibiwa asante, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Anayesafiri husema twende wote, naye huambiwa nendeni salama. Ni adabu, haina gharama.

Bibi yule aliuliza lini.

Spès alicheka. "Mwezi wa kumi, bibi." Akaendelea kupanda. Walipofika juu Anaïs alimnong'oneza sikioni, "Maman, bibi anatufuata." Spès aligeuka. Ngazi ilikuwa tupu, ila kulibaki harufu ya mashuka yaliyofuliwa yakasahauliwa kwenye beseni.

Aliyemsaidia kupanga safari alikuwa Kiprono, mwanafunzi Mkenya wa chumba cha pili. Spès aliishia darasa la sita na kompyuta ilimtisha. Mumewe Libère alikuwa dereva wa malori, wiki zile yuko Johannesburg. Kiprono hakusubiri kuombwa. Alikuja na laptopu yake jioni, akaketi sakafuni ili Spès apate kiti.

"Mama Anaïs, siku ya kwanza msitembee sana," alisema. "Mtakuwa mmechoka. Mtaona huu uwanja wa zamani wa mawe, halafu mle. Siku ya pili Vatikani, asubuhi mapema, kwa sababu foleni yake ni noma. Ya tatu, hiyo chemchemi yenu. Ya nne, mlie kwaheri."

"Weye unasema kama umekwisha fika."

"Nimefika kwa internet. Ni karibu bure."

Walichagua nyumba ya masista karibu na stesheni, vitanda viwili. Kiprono aliandika watu wawili, akabonyeza. Ukurasa ukarudi umeandika watu watatu. Alifuta, akaandika wawili. Watatu. Alizima mashine, akaiwasha.

"Eish. Hii mashine inanicheza."

"Labda ni mtandao," Spès alisema.

"Mtandao haujui kuhesabu watu wako, mama." Akawaandikia masista barua pepe, kwa Kiingereza cha upole: tafadhali, ni dada wawili tu.

Jibu lilikuja kesho yake, naye Kiprono alilisoma polepole, sauti ikipungua kila sentensi. Masista walishukuru. Walisema wasiwe na wasiwasi hata kidogo. Yule bibi mwenyewe alikuwa amewapigia simu, na kwa kuwa sauti yake ilionekana ya mtu mzima sana, wamemwekea kitanda cha chini karibu na mlango, na blanketi la ziada.

"Bibi gani?" Kiprono aliuliza.

Spès aliwaza kwanza jinsi masista wale walivyo wema, kumfikiria mzee wasiyemjua. Kisha akamkumbuka yule bibi wa ngazini aliyeuliza lini.

Tangu hapo kila kitu kilimgomea. Alikwenda kwa mpiga picha ili apate picha za visa, akaketi katikati kama alivyoelekezwa. Picha ilipotoka alikuwa pembeni, nusu ya uso imekatwa, na katikati pamebaki ukuta mtupu. Mpiga picha, Mhindi mzee mwenye subira, alirudia, akarudia tena, mwishowe akamshika mabega kwa heshima na kuiweka sawa stuli yake. Picha ile nayo ilimtupa pembeni.

"Dada, mbona unasogea?" aliuliza.

"Sijasogea, baba."

"Unasogea kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi."

Ofisi ya visa ilimrudishia fomu kwa sababu ya picha. Alipewa siku nyingine, naye akaipokea huku akitamani kupiga kelele mbele ya watu wote. Nyumbani alifungua sanduku jekundu alilokuwa ameanza kulipanga kwa ajili ya dada yake: vitenge viwili, unga wa muhogo, picha ya mama. Vitu vyote vilikuwa vimesukumwa upande mmoja, vimekunjwa vizuri kuliko alivyovikunja yeye. Nusu ya pili ilikuwa tupu. Akaweka sweta pale. Halikukaa, liliteleza likarudi upande wake. Akaliweka kwa nguvu, akajaribu kufunga zipu, na zipu ikagoma kabisa juu ya ile nusu tupu, kana kwamba imejaa hadi juu. Spès aliketi sakafuni akalia, si kwa woga, kwa hasira.

"Niachie nafasi yangu!" alisema. "Ni siku nne tu! Ni dada yangu!"

Anaïs alikuja akamfuta machozi kwa kiganja. "Usimgombeze, Maman. Naye hajawahi kusafiri."

Kuanzia hapo alasiri, jua likiwa bado linawaka juu ya bandari na watoto wakicheza mpira chini, magurudumu ya sanduku yalianza kusikika yakizunguka chumbani, kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kitandani, taratibu, kama mtu anayefanya mazoezi ya kuondoka, na kila yalipofika mlangoni yalisimama kidogo na ile harufu ya mashuka mabichi ikazidi mpaka ikaingia kwenye chakula, kwenye nywele za mtoto, na kwenye nguo za wateja ambazo Spès alizishona kibandani kwake pale barabarani.

Ndiyo sababu Mama Amne alijua. Alikuwa mteja wake wa siku nyingi, mwanamke wa jamii ya Wazanzibari wa mtaa wa Chatsworth, mwenye Kiswahili cha bibi zake kilichochanganyika na Kizulu. Alikuja kuchukua baibui lake, akalinusa, akalirudisha mezani.

"Mwanangu, unaishi na nani?"

Spès alieleza yote, akiona haya. Alitegemea kuchekwa. Mama Amne alimshika mkono tu.

"Ulimwambia twende wote, naye akasema haya."

"Ilikuwa adabu tu, mama."

"Kwako adabu. Wale wasioonekana hawana maneno ya adabu. Ukiwaalika wamealikwa."

"Sasa nimwambie nini? Nimwambie asiende?"

"Huwezi. Mwaliko ukishapokewa haurudishwi." Mama Amne alisita, kwa maana aliona uso wa Spès. "Iko njia moja. Usiende wewe. Asipokuwa na mwenyeji hana safari, atarudi alikotoka. Pole, mwanangu. Najua ni dada yako."

Spès hakukubali siku ile. Alikubali juma lililofuata, aliporudi kutoka sokoni akamkuta Anaïs ndani ya sanduku, amejikunja kwenye upande wa vitu vyao, amelala fofofo na midomo imekuwa myeupe, na kifuniko kikiwa kinashuka chenyewe juu yake, polepole, kwa uangalifu, kama mama anayemfunika mtoto.

Mama Amne alikuja saa sita mchana na chetezo na bakuli la maji. Anaïs aliachwa kwa Kiprono. Spès alikuwa amefunga rozari kiganjani, akaificha. "Ishike tu," Mama Amne alisema. "Kila mtu amwite Mungu anavyomjua." Akafukiza ubani, akasoma dua zake kwa sauti ya chini. Moshi ulipanda, ukafika juu ya sanduku, ukapinda kandokando ya kitu kisichoonekana, kikiwa kimeketi.

"Wewe ni nani?" Mama Amne aliuliza.

"Nimealikwa," sauti ilijibu. Ilikuwa sauti ya yule bibi wa ngazini, nayo haikuwa na ukali wowote. "Nimekaa hapa tangu jengo hili halijajengwa. Nimeona meli zote zikiondoka. Watu wote wamepita mbele yangu na mizigo yao, na hakuna aliyewahi kuniambia twende, ila huyu."

Mama Amne alimfinya Spès mkono. "Sema."

"Siendi," Spès alisema. "Sitakwenda Roma. Safari imekufa."

Kitu kile kikaanza kulia, si kilio cha kutisha bali cha mtu mzima anayejizuia, kikitoka ukutani na sakafuni na ndani ya sanduku, na kilimwingia Spès pale pale palipokuwa na kilio chake mwenyewe, kwa sababu wao wawili walikuwa wamenyimwa kitu kilekile siku ileile, na kabla hajafikiri alikuwa amesema, kwa huruma, kama ambavyo angemwambia yeyote:

"Pole, bibi. Nenda hata wewe, ukaone."

Kilio kilikatika. Harufu iliondoka chumbani mara moja, na sanduku likajifunga lenyewe, taratibu.

Mama Amne alikuwa amegeuka rangi. "Umesema nini?"

"Nimempa pole tu, mama."

"Mpigie dada yako. Sasa hivi."

Spès alipiga. Simu iliita, ikakatika. Alipiga siku hiyo yote na siku zilizofuata; Kiprono aliandika ujumbe kila alipojua kuandika, na ujumbe ulionyesha umekwenda, lakini hakuna uliojibiwa. Chumba kilikuwa shwari, Anaïs alikula vizuri, hata picha aliyopigwa tena ilimwonyesha katikati. Siku nne za Roma zilifika, zikapita. Spès alishona nguo za watu huku akimwona dada yake amesimama peke yake stesheni, anatazama kila uso, na aliomba, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba ndugu yake awe mpweke.

Jumapili iliyofuata simu ilipokelewa.

"Allô?" Sauti ya Gloriose ilikuwa na kicheko ndani yake. Hakuwa amecheka hivyo tangu wakiwa watoto.

"Gloriose! Mungu wangu. Ni mimi, Spès. Nisamehe, nilikutafuta nikuambie sikuweza kuja..."

"Nani mwenzangu?"

"Spès. Mdogo wako."

"Mama, huo si utani mzuri." Kicheko kilipungua kidogo, kikarudi. "Spès niko naye hapa kwangu. Tumetoka wote Roma, sikuweza kumwacha. Tumetembea mpaka miguu ikavimba! Mtoto huyu anataka kuona kila kitu, kila kitu, kama mtu aliyefungwa miaka mia."

"Gloriose, nisikilize. Toka kwenye nyumba hiyo."

"Wewe ni nani hasa?"

"Muulize jina la mama yetu! Muulize!"

Gloriose akaita kwa upole, mdomo ukiwa mbali na simu, "Spès, kuna mtu hapa analia, anakutaja jina. Njoo umsikilize, labda ni mtu wenu wa huko Durban."

Viti vilisogea. Mtu alikuwa akija bila haraka, akiburuta miguu juu ya mbao. Spès alijua anapaswa kukata simu, lakini hakukata, kwa kuwa kwa nyuma bado aliweza kumsikia dada yake akihema.

"Asante sana, mwanangu," sauti ilisema, kwa heshima ya kweli. "Amenionyesha kila kitu. Sasa anataka nimwonyeshe kwetu."